Ahadi ya makaburini haifiki chuo kikuu

Mhariri,

Salaam nyingi kutoka huku Tororo, Uganda. Mimi ni mjane wa polisi, mume wangu alikuwa koplo, na naandika kwa Kiswahili manake ndiyo lugha tuliyoishi nayo kambini miaka yote. Watoto wangu watatu walianza kuongea Kiswahili kabla ya lugha ya baba yao, na kambini uwe Mteso, Mlugbara, Mnyankole ama Mgisu mkikutana bombani asubuhi na mitungi mnasalimiana Kiswahili tu, hakuna anayekuuliza wewe wa wapi. Naomba barua yangu mniwekee hivi ilivyo ata kama ni ndefu, nimeibeba moyoni muda mrefu.

Nataka kuongea juu ya karo ya chuo kwa watoto wa polisi waliofariki. Sisemi karo ya praimari, huko tulipambana na UPE, ule mpango wa serikali wa praimari bila karo, ikasaidia kidogo, na sekondari tulisukuma hivo hivo. Nasema chuo, pale mtoto amemaliza senior six, amefaulu, barua ya kuitwa imetoka, na wewe mama unaigeuza geuza ile karatasi unatafuta ni wapi imeandikwa jumla ya pesa.

Mume wangu alifia kazini. Hakupigwa risasi, walikuwa wametumwa kuongeza nguvu wilaya nyingine, gari likapinduka usiku, wakafa wawili. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 11, wa katikati 7, kitinda mimba miaka 2, alikuwa bado ananyonya akiamka usiku. Mazishi yalikuwa ya heshima, nasema ukweli na siwezi kuwanyima sifa, sanduku lililetwa, gari la kubeba maiti lililetwa, wenzake walikuja na sare zao wakapiga saluti, tarumbeta ikalia mpaka wazee wa kijiji wakavua kofia, na bahasha ya mabugo, yaani rambirambi, nikapewa mkononi. Alafu afande mmoja akasimama mbele ya umati akasema, "Mama, hawa watoto sasa ni wetu, watasoma mpaka chuo kikuu." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kile kichanga mapajani nikalishika lile neno kwa mikono miwili, manake siku ile sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Yule afande hakudanganya. Naamini mpaka leo alimaanisha, niliona machozi yake. Lakini hesabu ni hii, mtoto wa miaka 2 wa hapa kwetu anahitaji miaka 7 ya praimari na 6 ya sekondari, na kabla ya hapo bado nasare, yaani mpaka akanyage chuo ni kama miaka 17 toka siku ile ya mazishi. Katika miaka 17 kituo kinabadilisha OC, yaani mkuu wa kituo, mara ngapi? DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, mara ngapi? Yule afande wetu alipewa uhamisho kabla mwaka haujaisha, aliyekuja alikuta faili lakini hakukuta ahadi, manake ahadi haikuandikwa popote, ilisemwa tu hewani pale kaburini ikabaki na sisi tulioisikia. Wa tatu ata faili hakulijua. Mimi nilipoenda na kijana wangu na barua yake ya chuo nikaanza kueleza mume wangu alikuwa nani, yule kijana wa kaunta aliniangalia kwa heshima kabisa akasema mama mimi nilijiunga juzi. Na ni kweli, mume wangu anakufa yeye alikuwa praimari.

Mhariri, hapo ndipo shida ilipo na ndiyo sababu ya barua hii. Msaada wote tunaoujua unakuja wiki ya kwanza, kilio kikiwa bado kina joto. Karo ya chuo inakuja miaka kumi, kumi na tano baadae, wakati kaburi limeota nyasi na hakuna aliyebaki ofisini anayekumbuka sura yake. Msaada unapimwa kwa kilio cha watu wazima, lakini unatakiwa upimwe kwa umri wa mtoto.

Acha nieleze njia ilivyokuwa, kuna wajane wenzangu wa juzi na jana watasoma na watajua nasema nini. Kwanza nyumba. Tulikuwa tunakaa yunipoti, zile za mabati za mviringo, joto mchana baridi usiku, lakini ilikuwa nyumba na hatukulipa kodi. Mume akifa nyumba ni ya kazi, inabidi itoke apewe mwenye kazi. Naelewa, kuna konstebo mwingine na watoto wake wanalala kwa jirani wanasubiri. Lakini siku ya kutoka unatoka na watoto wanaacha shule ya jirani na kambi, wanaacha rafiki zao wote, na unaenda kupanga chumba kimoja mjini ambacho kila mwezi kinataka pesa.

Alafu makaratasi. Barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, kwamba wewe ndiye mjane, kikao cha ukoo na muhtasari wake, cheti cha kifo, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, kwenda kwa Administreta Jenerali kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, kutoka hapo mahakamani kuomba barua za kusimamia mirathi, alafu ndio urudi na hilo rundo lote kuanza kufuatilia kiinua mgongo na pensheni. Kila karatasi ni nauli na kila nauli ni siku bila kuuza, mimi nauza mitumba sokoni, siku nisiyofungua robota sili. Na katikati ya hayo kuna mashemeji wanaouliza hiyo pesa ya ndugu yetu iko wapi. Sa hizi kuna sheria ya urithi iliyorekebishwa 2022 inayosema asiyeacha wosia mali yake watoto wanapata asilimia 75, mjane 20, wategemezi wengine 4 na mrithi wa kimila 1. Ni sheria nzuri, wakati wangu haikuwepo na nilikalishwa vikao vingi sana.

Pesa ilipotoka ilikuwa ya kweli, nilishukuru Mungu, lakini nilikuwa na madeni ya karo ya mihula minne, kodi, na duka la dawa lilikuwa linanidai. Iliyobaki ilisukuma sekondari. Kwa hivo mtu akiniambia "lakini mlipewa kiinua mgongo" namjibu ndiyo tulipewa, kililiwa na shule na kikaisha shuleni, hakikununua gari.

Sasa kifungua mimba wangu. Huyu binti ndiye ananiuma mpaka leo. Alisoma akiwa anajua mimi sina, saa kumi na moja asubuhi alikuwa ananisaidia kupanga nguo sokoni kabla ya kwenda shule, na senior six akafaulu vizuri kabisa, akaitwa chuo kwa kujilipia. Nafasi za kulipiwa na serikali ni kama 4,000 tu kwa mwaka kwa vyuo vyote vya umma vya nchi nzima, nyingi zinaenda kwa wenye pointi za juu kabisa, nyingine ni kota ya wilaya, yaani nafasi zinazogawiwa kila wilaya, na chache za wanamichezo na za wenye ulemavu. Pointi zake zilikosa kidogo. Tukasema basi kota ya wilaya. Lakini kota inahesabu wilaya ya asili, na mtoto wa polisi asili yake ni nini, huyu alizaliwa Moroto baba akiwa huko, akaanza shule Arua, akamaliza praimari huku, kijijini kwa baba yake wanamjua kama yule aliyekuja siku ya mazishi. Kwenda kutafuta sahihi kwa watu wasiokujua kunachukua muda, na tarehe haisubiri. Akakosa.

Hakulia mbele yangu. Aliniambia, "Mama, mimi nitafanya kazi, huyu kaka asome." Leo ana miaka 24, anakaa kwenye kibanda cha mobile money anatoa na kuweka pesa za watu, na kila mwezi ananipa kitu cha kuongezea karo ya mdogo wake. Mtoto aliyetakiwa kusomeshwa ndiye anasomesha. Kazi yake ni halali na simdharau hata kidogo, lakini ile barua yake ya chuo bado ameiweka ndani ya Biblia, niliiona nikitafuta kitu kingine.

Wa katikati yuko mwaka wa pili chuo kimoja cha serikali, anasomea ustawi wa jamii. Karo ya darasani peke yake ni zaidi ya milioni moja kwa muhula, alafu kuna pesa za usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi, ukijumlisha na chumba na posho ya kula mwaka mzima unacheza na milioni tatu na nusu, na hapo mtoto anakula mara moja na nusu kwa siku. Muhula uliopita jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia mtihani. Alinipigia saa moja asubuhi, mtihani ni saa tatu. Nilikimbia kwa mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba akanikopesha, nikatuma, akaingia akiwa amechelewa dakika arobaini. Chuo kinafuata sheria zake, na mimi sitaki mwanangu asome bure kwa ujanja. Nasema tu mtoto ambaye baba yake alikufa amevaa sare ya nchi hii asingetakiwa kusimama mlangoni pale.

Kuna watu watasema mbona kuna mkopo. Ndiyo, upo, sheria yake ilipitishwa 2014, na imesaidia watoto wengi wa maskini, sitaki kuibomoa. Lakini mkopo ule unalipa karo, ada za chuo na pesa ya utafiti, chakula na chumba ni juu yako, na kipaumbele kikubwa ni kozi za sayansi. Na ata ukipata, ni deni. Huyu mtoto anaanza maisha bila baba, bila kiwanja, akiwa na mama na mdogo wa kulea, alafu tunamuongezea deni la kulipia kile ambacho baba yake angelipa angekuwa hai. Kwa mtoto mwingine mkopo ni sawa. Kwa huyu naona nchi ndiyo yenye deni.

Hapa naomba niseme jambo ambalo wenzangu wengi wanaliogopa. Hapa kwetu tunawakumbuka waliokufa kwa kishindo. Machi 2017 Kaweesi, msemaji wa polisi, alipouawa kule Kulambiro nchi nzima ilisimama, na ilikuwa haki isimame. Lakini ndani ya lile gari walikufa watatu, kulikuwa na mlinzi wake na dereva wake, muulize mtu yeyote barabarani akutajie majina yao uone. Novemba 2016 polisi waliuawa Kasese, vijana wadogo wa konstebo. Tarehe 16 Novemba 2021 bomu lililipuka karibu na mlango wa Kituo Kikuu cha Polisi Kampala na wengi walioumia siku ile walikuwa polisi. Hao angalau gazeti liliandika. Je, aliyekufa kwa malaria akiwa amepelekwa porini bila neti? Aliyegongwa na lori akiongoza magari kwenye mvua? Wale waliosimamia kafyu wakati wa korona wakaipata hapo hapo? Mume wangu ni wa kundi hilo, alikufa kwa ajali, siku iliyofuata redio ilisema "polisi wawili", ikaenda kwenye mpira. Msaada wa chuo ukija, naomba usichague kifo. Mtoto hakuchagua baba yake afe vipi.

Kijana wa dada yangu alinitafutia kwenye simu wenzetu wanafanya nini, nikamwambia anisomee polepole. Uingereza mwaka 1966 polisi watatu walipigwa risasi London siku moja, watu wakachanga, ukaanzishwa mfuko wa familia za polisi na mpaka leo upo. Marekani wao wana sheria ya taifa ya mwaka 1976 ya kulipa familia ya polisi aliyefia kazini, alafu miaka ya 90 wakaongeza ya elimu, mke au mume na watoto wanalipiwa masomo ya juu kila mwezi wakiwa chuoni, mpaka miezi 45. Majimbo yao nayo yana yao, Texas inawasamehe karo kwenye vyuo vyake, Illinois ina ruzuku yake, Pennsylvania waliweka sheria yao 1998. Najua sisi hatuna pesa za Marekani, msinijibu hivo. Kitu kilichonigusa sio pesa. Ni kwamba ile sheria yao ya taifa inasema mtoto anaweza kutumia huo msaada mpaka afike miaka 27. Umeona? Waliokaa kuiandika walijua kuna mtoto atafiwa akiwa na miaka 2, wakaamua sheria imsubiri. Nilimwambia kijana arudie hiyo sehemu mara mbili.

Na sisi tunaweza. Polisi wetu ni zaidi ya elfu arobaini. Kila mmoja akikatwa shilingi 1,000 tu kwa mwezi, bei ya chapati moja na chai, hizo ni milioni 40 kila mwezi, milioni 480 kwa mwaka. Ukigawa kwa milioni tatu na nusu kila mtoto, ni watoto zaidi ya 130 chuoni kila mwaka, kwa chapati na chai peke yake. Serikali ikiweka shilingi moja juu ya kila shilingi ya askari wanakuwa mara mbili. Na msiseme kukata mshahara hakuwezekani, Exodus SACCO ya polisi inakatwa kwenye mshahara miaka mingi na askari wamejenga kwa mikopo yake, njia ipo tayari, haitaki kuvumbuliwa. Askari wenyewe nikiongea nao hakuna hata mmoja aliyekataa, manake kila mmoja anajua kesho anaweza kuwa yeye. Mmoja aliniambia mama mimi nitatoa elfu tano, ila nataka kuona jina la mtoto aliyelipiwa. Neno hilo niliona lina maana sana, kwa hivo majina yabandikwe, vituoni vyote, fulani mtoto wa marehemu fulani, chuo fulani, kalipiwa. Watoto waone baba yao amebandikwa ukutani kwa kitu cha heshima.

Kitu kingine ndicho kikubwa kuliko pesa, na hakigharimu chochote. Siku ya mazishi, kabla sanduku halijashuka, badala ya hotuba ndefu, akae ofisa mmoja na mama na mzee wa ukoo waandike majina ya watoto wote na tarehe zao za kuzaliwa. Namba ya marehemu juu, watoto chini. Wasaini wote. Karatasi moja abaki nayo mama, moja iende makao makuu Naguru, moja wizara ya elimu. Na kila mwaka mtu apige simu aulize, huyu yuko darasa la ngapi sasa. Basi. Mtoto akifika senior six haombi tena, wala hajielezi kwa kijana wa kaunta, jina lake liko pale linamsubiri. Pesa ilipwe moja kwa moja chuoni, isipitie kwa mjomba, isipitie ata kwangu mimi mama, manake njaa ni njaa na karo ikilala nyumbani usiku mmoja inakuwa unga.

Nikisema watoto wote namaanisha wote. Hili nalisema kwa shida kidogo. Siku ya mazishi alikuja mwanamke kutoka Lira na mtoto wa kike wa miaka 5, nikamwangalia yule mtoto usoni nikajua kabla hajaongea, ni mume wangu mtupu. Polisi wanahamishwa, mimi nabaki huku na watoto wa shule, mambo yanatokea. Nililia, nilikasirika, mwaka mzima sikuongea na mtu wa Lira. Alafu yule mama akaugua akafariki, na leo yule binti yuko kwangu, ni wangu, ananiita mama, na yuko senior six mwaka huu. Sasa msaada ukija na fomu inayosema watoto wa mke wa ndoa tu, huyu anaenda wapi? Baba yake ni yule yule aliyepigiwa tarumbeta. Naomba watakaoandika hizo kanuni wasimsahau, na wako wengi kama yeye kwenye kila kambi ya nchi hii.

Na chuo kisiwe digrii tu. Kuna mtoto anataka unesi, kuna anayetaka umeme ama ufundi wa magari, diploma na cheti navyo ni chuo, tena huyo wa umeme ataanza kusaidia mama yake mapema kuliko wa digrii.

Nimesikia pia watu wakisema, tena kwa sauti kwenye teksi, polisi wanakula hongo kwa nini tusomeshe watoto wao. Sibishani kwamba kuna polisi wabaya, na mimi nimeshaombwa pesa kituoni, na mimi ni mke wa polisi. Lakini aliyekula hongo akajenga, watoto wake hawatakuwa kwenye hii orodha wakihangaika, orodha hii ni ya walioacha deni dukani. Mume wangu alipokufa tulifungua sanduku lake la chuma tukakuta sare mbili, daftari, na picha za watoto. Wengine wanasema mbona mwalimu, mbona nesi. Nawaunga mkono kabisa, mwalimu akifa watoto wake nao wasaidiwe, sitasimama kumzuia mtu. Ila polisi hachagui anatumwa wapi, hawezi kugoma, hawezi kusema leo huko kuna risasi siendi. Akitumwa usiku anapanda gari. Na gari likipinduka ndio hivo.

Kwa wajane wenzangu mnaosoma hii na kilio bado kibichi, nawaomba kitu kimoja cha haraka, msisubiri hata sheria ije. Leo andikeni namba ya kazi ya mume, kituo chake cha mwisho, cheo, tarehe ya kifo, jina la ofisa aliyeongea mazishini, na vyeti vya watoto vyote mtoe kopi tatu tatu muweke sehemu mbili tofauti. Mimi kopi zangu za kwanza zililoana chumba kilipovuja, nikaanza upya, ilinichukua miezi minane.

Mhariri, mtihani wa kijana wangu unaanza wiki ya pili ya mwezi ujao na bado anadaiwa 860,000. Hiyo siombi gazetini, nimeuza mbuzi wawili na dada yake ametuma, tutafika. Ninachoomba ni mlipeleke hili swali kwa wabunge wetu wanaokaa kwenye kamati ya ulinzi na mambo ya ndani na ile ya elimu, mwandishi wenu awaulize wazi, nani anaweka orodha ya watoto wa polisi waliofariki, na iko ofisi gani. Binti wa Lira anamaliza Novemba. Kitinda mimba yuko senior two na anasema anataka kuwa polisi.

Mjane wa koplo,
Tororo